Fundi Mitambo Asiye na Studio

Ukitaka kumjua fundi wa sauti aliyejiajiri, tazama begi lake likiwa ndani ya daladala. Halifungwi juu ya keria wala halisukumwi chini ya kiti. Linakaa mapajani, na konda akilidai nauli linalipiwa bila ubishi. La kwangu lina kinasa sauti kinachoenea kiganjani, maiki mbili zilizovikwa soksi za watoto, hedifoni, nyaya, betri za akiba, na yale manyoya ya kijivu ya kuzuia upepo ambayo watoto wa pwani wakiyaona huuliza ni ngozi ya mnyama gani. Studio yangu ndiyo hiyo, yote. Mama mwenye nyumba wangu anaamini ninauza mitumba, na kodi ikilipwa kwa wakati sioni haja ya kumsahihisha.

Safari hii nilitumwa na mtengeneza filamu za makala wa Dar es Salaam. Alitaka vitu viwili: mawimbi ya bahari yakipiga chini ya msikiti wa kale wa Kaole, na mdundiko wa wenyeji, mrefu kadiri utakavyopatikana. Nusu ya malipo mkononi, nusu kazi ikipokelewa. Katika fani yetu hayo ni masharti ya kiungwana. Wapo wateja ambao nusu ya pili huwa ni salamu.

Kutoka Dar hadi Bagamoyo ni kilometa zipatazo 70. Zamani ilikuwa safari, siku hizi hadi Bunju bado uko mjini: Tegeta na malori yake ya saruji, maduka ya vifaa vya ujenzi, makanisa yenye spika mbili mlangoni. Baada ya Mapinga masikio yanaanza kupumua. Kerege, Zinga, mashamba ya mananasi na minazi, kisha stendi ya Bagamoyo ambako dereva wa bodaboda alinitazama begi kabla ya kunitazama mimi na kutaja bei ya mgeni. Tukapatana. Barabara ya kwenda Kaole inarudi kusini, inapita TaSUBa, ile Taasisi ya Sanaa na Utamaduni ambayo ilianza mwaka 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, halafu inaingia kwenye kivuli cha miembe na mikorosho kwa kama kilometa tano hivi.

Mzee wa getini alipokea shikamoo yangu, akanikatia tiketi, akaangalia nyuma yangu.

"Marahaba, mwanangu. Msanii wako yuko wapi?"

Nikamweleza kwamba nimekuja kurekodi mahali penyewe, hakuna mwimbaji. Akafikiri kidogo. "Basi ngoja nikuzimie redio," akasema, akaizima. Nimefanya kazi na mameneja wa kumbi kubwa wasiokuwa na akili hiyo.

Magofu ya Kaole ni misikiti miwili, mkongwe kati yake ukirudishwa hadi karne ya 13, na makaburi ya mawe ya matumbawe, mengine yakiwa na minara, ambayo huhusishwa na Washirazi. Neville Chittick alichimba hapa mwaka 1958, na mengi yanayosemwa na waongoza watalii yanatoka katika kazi yake. Mimi sikuja na jembe. Fundi wa sauti akifika mahali papya hupiga kofi moja na kusikiliza linavyokufa. Msikiti wa Kaole hauna paa, kwa hiyo kofi linagonga ukuta, linarudi mara moja likiwa fupi na kavu, kisha linapaa na halirudi tena. Penye mihrabu sikupiga kofi. Nilisimama nikatamka bismillahi kwa sauti ya kawaida, nikaisikia ikinirudia usoni, imejaa kuliko nilivyoitoa. Waliojenga kile kishubaka cha mviringo ukutani walijua kwamba imamu huwapa watu mgongo, na kwamba sauti yake lazima ipate njia ya kugeuka. Hakuna spika iliyohitajika.

Kilichonishinda ni mawimbi. Hayapo. Kaole ilikuwa bandari, lakini mchanga na tope vilijaa, mikoko ikaota, bahari ikasogea, na biashara ikahamia Bagamoyo. Ukisimama leo kwenye makaburi hayo, bahari huioni na huisikii. Nilishuka hadi mikokoni maji yakiwa yamekupwa, nikaweka maiki karibu na tope, nikavaa hedifoni, na hapo ndipo Kaole ilipofunguka: vishindo vidogo vya kukatika katika, mamia kwa mamia, vya kamba wadogo wanaofyatua makucha yao, na mapovu yanayopasuka kwenye mashimo ya kaa. Ni sauti inayofanana na mafuta ya moto yanayoingiwa na maji. Juu yake walikuwa kunguru, ambao ndio adui wa kila mtu anayerekodi katika pwani hii, na kwa mbali sana boti yenye injini upande wa Mbegani, palipo na chuo cha uvuvi.

Nikampigia simu bosi wa filamu. Akanisikiliza, halafu akasema watazamaji wanajua bahari ni mawimbi. Nikamwambia nitampa mawimbi, nitayachukua ufukweni Bagamoyo mjini, na nitampa pia mikoko, na faili zote mbili zitaandikwa jina la mahali zilipotoka. Akitaka kuhamisha bahari ni juu yake, ila asije akasema fundi ndiye aliyeihamisha.

Kazi hii haina ngazi ya kupanda. Nilianza kwa kukunja nyaya za bendi ya taarabu, nikafundishwa na fundi mitambo aliyekuwa akisema machache na kuhisi mengi, nikahamia kwenye meza ya sauti yeye alipochoka kukesha. Baadaye nikagundua kwamba mkate wangu hautoki kwenye nyimbo zinazopigwa redioni. Unatoka kwenye kwaya. Kwaya za Tanzania hurekodi kuliko msanii yeyote mashuhuri, hulipa kwa michango ya waumini, na hulipa kweli. Zinafuata kaswida, matangazo ya biashara, harusi, makongamano, na mara moja moja filamu. Wimbo unaovuma huja kama mvua ya vuli. Ukiupanga katika bajeti utalala njaa.

Zamani mtu mwenye ujuzi huu alikuwa mtumishi wa umma. Studio za Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), katika Barabara ya Pugu, ndizo zilizorekodi bendi zote kubwa za miaka ya 1970 na 1980: bendi nzima inaingia, maiki chache zinapangwa, wimbo unapigwa kutoka mwanzo hadi mwisho, na kama mpiga tumba amekosea mnarudia wote. Wengi wa mafundi mitambo wale hawakuandikwa majina popote, ingawa ukisikiliza magitaa ya kanda hizo unajua kwamba kuna mtu alisogeza maiki inchi mbili makusudi. Redio hiyo hiyo ilipeleka watu mikoani kurekodi ngoma. Walikuwa na mshahara, gari na posho, na kanda zikarudi ghalani.

Kisha zikaja redio za binafsi, Radio One ikianza mwaka 1994, na studio za binafsi pamoja nazo. Hapo ndipo neno prodyuza lilipopata uzito. Master J na MJ Records, P-Funk Majani na Bongo Records, Mika Mwamba aliyetoka Finland akajifunza Kiswahili cha mtaani. Watu hawa walitengeneza biti, wakaingiza sauti, wakamiksi, na wakati mwingine wakamfundisha msanii wapi pa kupumua. Albamu ya Professor Jay ya mwaka 2001, Machozi Jasho na Damu, ina alama za P-Funk kila kona. Prodyuza akawa mtunzi mwenza, na jina lake likaanza kutajwa ndani ya wimbo wenyewe, sekunde chache baada ya mdundo kuanza. Sina kinyongo na desturi hiyo. Mafundi wa RTD walikufa bila kutajwa, na hawa wakajitaja wenyewe. Bado naona ajabu kidogo kusikia jina la fundi kabla ya jina la mwimbaji, ila tumbo la fundi halijali ajabu zangu.

Kitu kimoja kilipotea hapo katikati. Prodyuza wa Dar alijenga chumba, akabandika sponji ukutani, akamsubiri msanii aje. Mwenye ngoma yenye watu ishirini hawezi kuingia katika chumba hicho, na mpiga zeze hatafuti biti. Kwa hiyo Bagamoyo, mji ulio umbali wa nauli ya daladala, ilirekodiwa mara nyingi na watu waliokuja kwa ndege.

Chukua mfano wa Hukwe Zawose. Alikuwa Mgogo wa Dodoma, akaitwa katika kikundi cha taifa cha ngoma wakati wa Mwalimu Nyerere, akahamia Bagamoyo na kufundisha, akafariki Desemba 2003. Albamu yake Chibite ilitoka mwaka 1996 kwa lebo ya Real World ya Uingereza, na mwaka 2002 akatoa Assembly pamoja na Mkanada Michael Brook. Mwanawe Msafiri Zawose alitoa Uhamiaji mwaka 2017 akishirikiana na prodyuza Mwingereza Sam Jones. Mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose, wakijiita The Zawose Queens, wakatoa Maisha kwa lebo ile ile ya Real World. Ukivuka maji hadi Zanzibar hadithi ni hiyo hiyo: mwaka 1988 Ben Mandelson na Roger Armstrong walikuja kurekodi taarabu kwa ajili ya lebo ya GlobeStyle, na Mjerumani Werner Graebner ametumia sehemu kubwa ya maisha yake kukusanya na kutoa muziki wa pwani hii. Kabla yao wote mtafiti wa muziki Hugh Tracey alipita Tanganyika mwaka 1950 na mitambo yake. Wageni hawa hawakuiba kitu cha siri. Walifanya ambacho sisi hatukukifanya: walibeba begi, wakamfuata mwanamuziki nyumbani kwake au wakamlipia tiketi, wakakaa mpaka kazi ikaiva.

Nilipolala Bagamoyo usiku ule nilimsikia kijana akipiga ilimba uani kwa jirani, nikaomba nimsogelee. Ilimba ya Wagogo ni kasha la mbao lenye ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba, kubwa kuliko marimba za mkononi walizozoea wengi. Nyingine kati ya ndimi hizo haziguswi kabisa. Zipo ili zitetemeke zenyewe jirani zao zinapopigwa. Kwenye kasha kuna tundu, na juu ya tundu umebandikwa utando mwembamba uliotolewa kwenye kifuko cha mayai ya buibui. Utando huo ndio unaoleta ule mvumo wa kukereza nyuma ya kila noti. Nimewahi kukaa na fundi mwenzangu, hodari kweli kweli kwenye biti, akitafuta kwa nusu saa ni waya gani mbovu unaoleta mkwaruzo. Akaja na kichujio, akaukata mvumo wote, akafurahi kwamba sauti imekuwa safi. Mpigaji alipoisikia aliuliza ala yake imepatwa na nini.

Mtihani mwingine ni ngazi za sauti. Uimbaji wa Wagogo umejengwa juu ya sauti za asili zinazozaliwa na uzi mmoja ukitetemeka, na ya saba katika mfuatano huo iko chini ya noti yake ya kinanda kwa karibu theluthi moja ya nusu-toni. Sikio la mzoefu linaipenda. Programu ya kunyoosha sauti inaiona kosa na kuivuta juu bila kuuliza. Ndiyo sababu, nikirekodi muziki huu, jambo la kwanza ninalofanya kwenye kompyuta ni kuzima kila kitu chenye tabia ya kusaidia. Kijana wa ilimba alitaka kujua kama naweza kumwekea singeli chini yake. Nikamwambia inawezekana, lakini itabidi singeli ndiyo ipigwe tyuni kumfuata yeye. Akasema hajawahi kusikia prodyuza akisema hivyo. Tukabadilishana namba.

Asubuhi ndiyo ilikuwa siku ya mdundiko. Ngoma hii ya Wazaramo haipigwi mahali pamoja. Inatembea, inasindikiza shughuli ya mwali au ya harusi, inazoa watu njiani, na kila mtu aliyekulia upande huu amesikia habari za mtoto aliyeifuata akajikuta kijiji cha tatu, jua linazama, njia ya kurudi haijui. Huwezi kuiita studio, na ukiiomba isimame ili uirekodi vizuri inakuwa kitu kingine. Nilikuwa nimepata ruhusa ya mwenye shughuli na ya bibi anayeongoza kundi, kwa masharti kwamba nisimrekodi mwali ndani wala maneno yanayosemwa huko. Kulikuwa na mlango. Maiki zangu ziliishia nje yake.

Kabla ya kuanza, ngoma zilioteshwa moto. Kijana wa miaka kama kumi na mitano alichoma makuti, akazigeuza ngoma moja moja, akizigonga kwa ncha ya kidole na kusikiliza ngozi inavyokaza. Moja aliirudisha motoni mara nyingi huku wapigaji wakimkaripia kwamba wanachelewa. Hakuwajibu. Alipomaliza, ngoma zile zilisemezana. Ile nzito ilikuwa chini kabisa, ya kati ikiijibu pasipo kugongana nayo. Nimelipa pesa nyingi kwa programu zinazojaribu kufanya alichofanya yule mtoto kwa makuti.

Nilifunga maiki zangu mbili kwenye fimbo moja, sentimita 17 kati yake, zikitazama pembeni kwa nyuzi 110, upana unaokaribia namna masikio ya binadamu yanavyoipokea dunia. Kinasa sauti changu ni cha biti 32, hakipasuki hata ngoma ikipigwa puani mwake, na kifaa hicho ndicho kilichowezesha watu kama mimi kufanya kazi peke yao: zamani mmoja angetembea na maiki na mwingine angekaa kwenye mitambo akipunguza na kuongeza. Tukaondoka. Nilitembea ubavuni, mchanga ukiingia viatuni, nikijifunza upesi kwamba nikitangulia napata zumari na vigelegele, nikibaki nyuma napata miguu, na nikiingia katikati siwezi kutoka. Nilichagua ubavu wa kulia hadi kwenye mbuyu, nikahamia nyuma tuliporudi. Mwanamume mmoja aliyevaa msuli aliamua kwamba kazi yake ni kunilinda na pikipiki, akawa anazisimamisha zote, ikiwemo ya mwenyekiti wa kitongoji. Nyayo mchangani zilitoka vizuri kuliko kitu chochote nilichorekodi safari ile. Hakuna aliyeniagiza nyayo.

Baada ya pilau nikatoa karatasi. Sehemu hii ya kazi haimo katika video za kujifunzia, nami naiona ndiyo kazi yenyewe. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999, na COSOTA ya kuisimamia, ila sheria hiyo haiwezi kumtambua mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote. Prodyuza wa kujitegemea anayeondoka na sauti bila majina ameondoka na mzigo usio na mwenyewe, na siku sauti hiyo ikipata pesa, pesa zitamfuata aliyeishika. Nikaeleza: filamu inalipa hiki, kila aliyeshiriki anaandikwa, faili nzima inabaki pia kwenu, na mtu mwingine akiitaka anarudi kwenu kwanza. Bibi akataka nakala kabla sijapanda bodaboda, nikaiweka kwenye simu ya mjukuu wake na kwenye kadi ya pili ambayo aliifunga kwenye pembe ya kanga.

Majina ya wapigaji yaliandikwa haraka. Ubishi ulianza kwa kijana wa moto. Mpiga ngoma kubwa akasema mtoto hakupiga kitu. Bibi akamuuliza, "Ngoma isiyooteshwa, baba, ungeipiga ikalia nini?" Akaandikwa. Mpiga ngoma, ambaye sasa alikuwa na hasira, akasema basi tuandike na aliyepika pilau, maana bila pilau hakuna aliyetembea. Watu wakacheka. Mpishi hakucheka. Alisimama akiwa bado na mwiko, akadai apewe hedifoni, akasikiliza huku amefumba macho, kisha akaninyooshea kidole nisimamishe hapo hapo. Palikuwa na kigelegele kimoja kirefu, kilichotoka nje ya uzio wakati ngoma inapita jikoni, juu ya sauti nyingine zote, safi, hakijaguswa na upepo. "Huyo ni nani?" akauliza. Ilikuwa ni yeye. Akaandikwa baada ya kijana wa moto.

Bosi wa filamu alipoiona orodha alinipigia akalalamika kwamba majina ni mengi, na mpishi anahusikaje na sauti. Nikamwambia filamu zote huandika hata dereva na mpishi wa waigizaji, na hakuna anayewasikia. Wetu anasikika.